Bomba la Shaba Ukuta wa Kushoto

Mwaka ule kila mtu Likasi alikuwa na hasira yake. Kuna waliokasirikia sukari iliyotoroka madukani, kuna waliokasirikia mkuu wa mtaa na filimbi yake ya salongo, ile kazi ya lazima ya kufagia mji. Mimi Georgette, hasira yangu ilikuwa na anwani kamili: mtaa wa Kikula, nyumba ya mlango wa kijani, mwisho wa koridoo, bafuni.

Nyumba yangu haifungwi, wanaonijua wanajua. Huyu kaja kuazima chumvi, yule kaja kuuliza kama ni kweli alichosikia kwa fundi viatu, mwingine hajui hata kaja kufanya nini, anakaa tu. Kwa hiyo jambo hili sikulificha. Hata ningetaka kulificha, ningeliweka wapi?

Mama yangu, Mama Émérence, alikuwa fundi cherehani. Mabibi harusi waliopita mikononi mwake ni wengi kuliko waliopita mbele ya padri, maana wengine walishonewa gauni na harusi ikavunjika. Pasaka ya mwaka ule kiharusi kikampiga. Upande wa kushoto ukafa, mkono na mguu. Ulimi haukuguswa. Mimi nadhani ulirithi nguvu zote za ule mkono.

Kaka yangu Placide, mwalimu kule Mulungwishi, alitaka kumchukua. Lakini choo cha Placide kiko nyuma ya mahindi, unateremka ngazi za udongo, unakuta shimo na mbao. Mtu wa mguu mmoja akishuka kule siku ya mvua, mtamwimbia nyimbo za wafu. Nikasema hapana, Mama anakuja kwangu.

Hapo midomo ikafunguka. Mama mkwe na mkwe wake chini ya bati moja? Kwetu mwanaume hamtazami mama wa mke wake. Akimwona njiani anapinda, akimkuta barazani anatazama vidole vya miguu yake. Hawali pamoja. Wakitaka kusemezana wanamweka mtu katikati, kama waya wa simu. Haya hiyo ina mwisho wake: siku moja mama mkwe anapika kuku, anamwita mkwe, mkwe anakula mbele yake, na kuanzia siku ile macho yanaruhusiwa. Basi Mama hakumpikia mume wangu Hilaire kuku huyo. Tumezaa Mélanie na wadogo zake, tumejenga, watoto wamepokea komunio, kuku hakuna. Alitaka nichukuliwe na karani wa ofisi mwenye kola nyeupe, nikachukuliwa na fundi wa mabomba mwenye kucha nyeusi. Kila nilipomwuliza, jibu lilikuwa lile lile:

"Kuku yangu haiyanenepa."

Kwa hiyo walikaa nyumbani kwangu kama treni mbili kwenye reli moja, na mimi katikati na bendera.

Kuoga ndiko kulikotuua. Bafu letu lilikuwa na kizingiti cha kujikwaa, sakafu inayoteleza, ndoo, na ukuta usio na pa kushika. Nilimwosha mimi. Mama, ambaye maisha yake yote alifunga hata dirisha kabla ya kuvua kitambaa cha kichwa, alikaa kwenye stuli amefumba macho huku mimi nampitishia sabuni, na machozi yalikuwa ya hasira, si ya huzuni. Kisha akaanza ujanja: akaacha kunywa maji. Asipokunywa hatakwenda, asipokwenda hatashikwa. Midomo ikapasuka. Sista wa dispensari akamfinya ngozi ya mkono akaniambia pembeni: "Ukimuacha hivi, figo itamuua kabla ya kiharusi."

Siku hiyo nilimwambia Hilaire ajenge bafu upya, na asiniambie habari ya uchovu. Mama alikuwa kwenye kiti chake cha koridoo, Hilaire ameuangalia ukuta.

"Georgette, mwambie mukwe," Mama akasema, "minye sitaki vyuma ya hospitali. Vile virangi ya kijivu, hapana. Kama minanawa sawa mugonjwa, nitakufa sawa mugonjwa. Nataka karo ya waridi."

"Mwambie mama," Hilaire akauambia ukuta, "karo ya waridi itapatikana."

Na alizitafuta kweli, sitamnyima haki yake. Karo za ukutani, vile vigae vinavyong'aa, zilikuwa zimekwisha mjini. Duka la Mgiriki lililokuwa likiziuza serikali ililichukua ikampa mkubwa mmoja ambaye hakujua tofauti ya msumari na skrubu, na baada ya muda mfupi rafu zilibaki na vumbi. Hilaire aliokota mabaki ya ghalani: karo za waridi na chache nyeusi za mkanda. Akaomba kwa huyu, akabadilishana na yule. Mimi nilimwambia maneno machache tu: mlango upanuke, kizingiti kiondoke, na Mama awe na mahali pa kukaa na mahali pa kushika. Kisha shangazi yetu akafa Kambove, nikambeba Mama tukaenda kulala matanga, tukamwachia Hilaire nyumba.

Tuliporudi, mtaa mzima ulikuwa umetangulia. Jirani yangu Adrienne alikuwa anawapokea watu mlangoni kwangu kama mwenye nyumba.

"Georgette! Ingia uone! Bwana yako amejenga hoteli!"

Nikaingia, na kusema haki nikasahau matanga. Waridi kutoka chini mpaka kifuani, mkanda mweusi juu yake kama mshipi wa gauni. Kizingiti hakuna, sakafu inateremka polepole kwenda kwenye tundu la maji, hata kipofu hajikwai. Kiti cha kuogea kimejengwa ukutani, nacho kimevaa karo. Na kwenye ukuta wa kushoto, ule mzima usio na dirisha, Hilaire alikuwa ameweka bomba la kushikia. Si chuma cha kijivu. Shaba. Bomba la shaba lililosuguliwa mpaka likaonyesha meno ya kila aliyeinama kulitazama, na lilikuwa limeingia ndani ya simenti imara, hata ng'ombe hawezi kuling'oa.

Hilaire alisimama kwenye kona, mikono nyuma, anaangalia sakafu yake. Alikuwa amevaa shati la Jumapili.

Nikamleta Mama na fimbo yake. Watu wakapisha. Akaangalia karo. Akaangalia mkanda. Nikaona mdomo unalainika, na mtu aliyemjua Mama angejua kwamba hiyo ni sherehe. Nikamkalisha kwenye kiti. Kila mtu akasubiri ashike.

Hakushika. Alikaa akiliangalia lile bomba linavyong'aa kando ya mkono wake wa kushoto, ule uliolala mapajani kama kitambaa kilichosahauliwa. Kisha akanyanyua mkono wa kuume, ule mzima, akaunyosha kwenye ukuta wa dirisha. Akapapasa. Karo tupu.

"Georgette," akasema, sauti ndogo. "Mwambie mukwe aniambie. Mukono yangu ya kufa ni gani?"

Hilaire akaanza kusugua tone la simenti sakafuni kwa kiatu. Ndipo nilipoelewa, na damu ikanipanda mpaka masikioni. Tangu Pasaka mwanamke huyu anapita mbele yake na fimbo, na mwanaume huyu hakujua upande upi umekufa! Macho ya haya yamejenga bafu kwa kubahatisha.

"Niliweka pale juu ya uzuri," akasema mwishowe. "Kuume kuko dirisha, karo inakatika. Kushoto shaba inaonekana muzuri."

Mtu mmoja nyuma akacheka puani. Nadhani ni Adrienne, na mpaka leo anakataa.

"Basi toa, weka kuume!" nikapiga kelele.

"Nitoe? Lile bomba nililifunga ndani ya matofali. Nikitoa ukuta wote unashuka na karo, na karo hakuna tena, Likasi wala Lubumbashi. Weye unajua nilizitafuta namna gani?" Na hapo, kwa sababu watu walikuwa wanamwangalia, mume wangu akasema neno ambalo mwanaume mwenye akili hasemi. "Mwambie mama akae kinyume. Aangalie ukuta. Bomba litakuwa kuume."

"Mwambie mukwe," Mama akajibu, "nitaoga kinyume siku yeye atakula na mugongo."

Akaomba kurudishwa chumbani. Watu walitoka kimya, na mnajua kimya cha Kikula: kinafika mpaka barabara ya pili tu, kisha kinaanza kusimulia.

Wiki iliyofuata sikuongea na Hilaire ila kumtukana. Nilimwambia amejenga kaburi la waridi. Akanijibu kwamba tangu anioe anajengea watu wasiomtazama, sasa analaumiwa kwa sababu hakutazama. Hapo alikuwa na neno, na hilo lilinichoma zaidi, maana ukweli ukitoka mdomoni mwa mtu unayemkasirikia ni kama pilipili jichoni. Nikaenda chumbani nikamgeukia Mama.

"Na weye, Mama! Ungepika ile kuku, angekuangalia!"

"Ile bomba si kuku iliipandika pale," akasema, akageuza uso ukutani.

Akapunguza maji zaidi. Kikombe cha asubuhi nilikikuta mchana kimejaa, nzi ndani. Placide akatuma neno kwa dereva wa lori la chokaa la Kakontwe: Jumapili anakuja kumchukua. Mama hakubisha. Mimi nililiona lile shimo nyuma ya mahindi kila nilipofunga macho.

Jumamosi filimbi ikalia. Salongo, wote barabarani na mafagio, ukibaki ndani jina lako linasomwa. Hilaire alikuwa ametoka zamu ya usiku, amesamehewa, amelala. Nilimwacha Mama kitandani, nikamwambia nitarudi kumwosha. Tulifagia mbele ya kanisa, wanawake tunapiga soga kuliko kufagia, mpaka ufagio wangu ukakatika. Nikarudi kuchukua mwingine. Adrienne akanifuata, anapenda kunisaidia kubeba kitu kimoja.

Tukiwa uani tukasikia Mama anapiga kelele.

"Kuume yako! Kuume! Utakanyaga sabuni, muntu wa bure!"

Nikakimbia koridoo. Mlango wa bafu uko wazi. Katikati ya yale mawaridi amesimama Hilaire, chupi na fulana, amejifunga taulo usoni, fundo kisogoni, kama mtoto anayecheza kujificha. Mikononi amembeba Mama. Mama amefunikwa kitenge kilicholowa, si kila mahali. Nywele zake nyeupe, ambazo hata mimi nilikuwa nimeziona mara chache, zinachuruzika maji. Mkono wake wa kushoto ulikuwa unaning'inia nyuma ya mgongo wa Hilaire, unapigapiga kwa kila hatua.

Mama alikuwa amejaribu kuoga peke yake. Alitaka angalau mara moja kabla ya Mulungwishi aoge kwenye waridi lake bila kushikwa na mtu. Alipotaka kuinuka, mkono wa kuume ukatafuta kitu, ukakuta karo na povu. Akaanguka. Hilaire aliamka kwa kishindo, akasimama nje ya mlango, akaita jina langu, akaita majina ya watoto. Wote tuko salongo. Hakuna wa kuwekwa katikati. Akamwambia ngoja, nitaita mwanamke. Na Mama, anayetetemeka sakafuni, akamtukana kwanza, kisha akamwambia ajifunge macho aingie.

"Mupokee," Hilaire akasema aliposikia miguu yangu. "Mupokee, Mama Mélanie. Ile mukono haiko na kitu ndani. Niliinua pale, haikunishika. Haikunishika hata kidogo."

Tulimlaza. Hakuvunjika mfupa. Kilichovunjika kilikuwa kingine, na Adrienne alishakibeba barabarani, ufagio aliusahau. Mchana ulipofika, kwenye bomba la maji la mtaa walikuwa wanasema mkwe amembeba mama mkwe uchi. Saa ya jioni kile kitenge kilikuwa kimeondolewa kabisa kwenye habari, na taulo pia.

Nilikwenda kwa Adrienne. Sitasema nilichomwambia, maana watoto wanasoma. Aliporudisha neno kwamba "lakini nilisema kweli", nilimwambia kwamba mlango wangu wa kijani una upande wa ndani, na yeye ameshauona mara ya mwisho.

Niliporudi Mama alikuwa amekaa kitandani amevaa, kitambaa kimefungwa vizuri.

"Funga bintu yangu ndani ya sanduku. Placide akifika asisubiri."

"Mama, kule utakufa."

"Nitakufa na nguo yangu."

Nikafungua sanduku. Sikujua tena nimkasirikie nani: yeye na kuku wake, yule na macho yake, Adrienne, mkuu wa mtaa na filimbi. Nilikuwa nakunja blauzi nikasikia mlio kutoka mwisho wa koridoo. Nyundo juu ya tindo. Kisha karo ikapasuka, sauti kali na nyembamba, mtu akisikia anajua ni kitu kizuri kimekufa.

Mama akageuza kichwa.

Ikapasuka nyingine. Nikaenda. Hilaire alikuwa anang'oa lile bomba la shaba. Ukuta wa kushoto, ule mzima, ulikuwa na jeraha kubwa jekundu la matofali. Vumbi limemjaa kwenye kope. Alikuwa anapiga kama mtu anayepigana, anapiga na kutukana: anajitukana yeye, anatukana simenti yake kwa uimara wake.

"Baba Mélanie..."

"Mwambie mama," akasema bila kugeuka, "mwambie anioneshe ni wapi ku..."

"Georgette, toka pale katikati."

Mama alikuwa nyuma yangu na fimbo. Sijui alivyofika. Nikasogea ukutani. Akapita, akachechemea juu ya vipande, akakaa kwenye kile kiti cha waridi na nguo zake zote, na viatu. Akanyosha mkono wa kuume kwenye ukuta wa dirisha, chini kidogo ya kingo.

"Hilaire." Tangu anioe sikuwahi kumsikia akilitamka jina hilo. "Hapa. Mukono yangu inafika hapa, si pale juu kwa mukono ya banaume. Kuya uangalie."

Akaja, macho sakafuni.

"Niliambia angalia! Umekwisha kunibeba sawa gunia ya unga, sasa unaogopa kuangalia mukono?"

Akainua macho mpaka kwenye mkono tu, wala si juu zaidi. Akatoa kipande cha mkaa, akachora mstari chini ya vidole vyake. Mama akauteremsha mkono, akajaribu kuinuka, akaketi, akamwambia bomba lilale hivi, mshazari, apande nalo. Akachora. Wakabishana. Hilaire akasema mshazari utaharibu mkanda mweusi; Mama akamwambia mkanda ni mushipi, na mushipi inafuata tumbo. Mimi nilibaki ukutani nimeshika blauzi, sina kazi.

Karo zilizovunjika alitaka kuzifagia. Mama akampiga fimbo ya mguu.

"Usitupe! Gauni ikipasuka kwa kifua, minye siweki kiraka ya kujificha. Naweka ua, bantu bote baangalie. Leta."

Akamletea vipande kwenye sinia langu la unga. Mama akavipanga mapajani kwa mkono mmoja, waridi huku, nyeusi katikati, anamnyoshea kimoja kimoja, naye anakibandika kwenye simenti mbichi. Ukuta wa kushoto, pale penye jeraha, pakaota ua kubwa la vipande, halina umbo la ua lolote la shambani. Kuume, chini ya dirisha, shaba ikalala mshazari, imezungukwa na majani meusi. Hawakusemezana kwa upole hata mara moja. Mama alimwita kipofu, yeye akamwambia fundi cherehani asimfundishe simenti.

Placide alifika Jumapili baada ya misa, na gari la kuazima, na uso wa mtu aliyekwisha kusikia habari njiani.

"Mama, tuende. Hii aibu..."

"Weye Placide, uko na miguu mbili?"

"Ndiyo, Mama."

"Kimbiza ile kuku nyekundu ya Georgette."

Kuku alikuwa wangu, sikuulizwa. Nilimchinja mimi, lakini Mama alikaa jikoni akanikataza kugusa chungu; aligeuza mwenyewe kwa mkono mmoja, akanitukana mkaa wangu, akamtukana kuku kwa ukondefu. Kisha akaagiza meza ya barazani, kiti chake upande huu, kiti cha Hilaire upande ule, na mlango wa kijani wazi. Adrienne alikuwa ng'ambo ya barabara, shingo kama twiga. Mama akamwona, akaongeza sauti.

"Kula."

Hilaire akamega ugali, akachovya, akala, macho kwenye sahani.

"Na uniangalie."

Ilichukua muda. Kisha akainua uso, akamtazama Mama, uso mzima, shavu lililoanguka na lisiloanguka. Jasho lilikuwa linamtoka kuliko siku ya harusi yetu.

"Iko chumvi?" Mama akauliza.

"Iko... kidogo, Mama."

"Kidogo? Namna gani kidogo? Muntu unamupikia, anakuambia kidogo!" Akanigeukia. "Weye, leta maji. Hii bwana yako inakausha koo."

Nikampa kikombe. Akakinywa chote. Akaninyoshea tena, nikajaza, akakinywa nacho, koo linapanda na kushuka, na mimi na Placide tunaangalia kama watu wanaoona treni inapita. Kisha akachukua fimbo, akainuka.

Nikainuka nami.

"Ikala!" akasema.

Nikakaa. Akaondoka na koridoo lake, fimbo, mguu, fimbo, mguu, mpaka mwisho. Tukasikia mlango. Tukasikia komeo likifungwa kwa ndani. Hilaire alikuwa ameacha kutafuna. Maji yakamwagika, kisha sauti ya Mama ikatoka nyuma ya mbao:

"Hilaire! Hii karo ya kona iko mushazari!"